Megawati Zilizojificha Kwenye Balbu

Mahitaji ya umeme Tanzania yanapanda mwaka hadi mwaka, na mjadala wetu karibu wote ni wa kuzalisha zaidi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024 na kutupunguzia adha ya mgawo. Lakini mzigo mzito wa gridi huja jioni, nyumba na maduka yanapowasha taa kwa pamoja. Mitambo, nyaya na transfoma lazima vijengwe kwa kiwango cha kuhimili saa hizo chache. Kupunguza mzigo wa saa hizo ni sawa na kuzalisha, tena kwa gharama ndogo, na pa kuanzia ni kwenye balbu.

Balbu ya zamani, ile yenye uzi unaowaka, hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Ukiigusa ikiwa imewaka, inakuunguza. Ya wati 60 hutoa mwanga unaokaribiana na wa LED ya wati 9. Nyumba yenye balbu tano za aina hiyo, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia uniti 45 kwa mwezi; kwa LED, hazifiki saba. Balbu milioni moja zikibadilishwa, gridi hupunguziwa megawati 51 pale zinapowaka zote, zaidi ya uwezo wa vituo vya Hale na Nyumba ya Mungu kwa pamoja. Ghana ilifanya hivyo mwaka 2007, maji yalipopungua katika bwawa la Akosombo: serikali iligawa bure balbu milioni sita za kuokoa umeme, na mahitaji ya jioni yakashuka kwa takriban megawati 124.

Wapo wanaolalamika kwamba LED ni ghali na nyingine huungua upesi. Malalamiko hayo yana msingi, ila kosa ni la bidhaa hafifu. Shirika la Viwango lizibane dukani na bandarini, na serikali inunue kwa wingi, kama India ilivyofanya kuanzia 2015 na bei ikashuka sana. Wengine huuliza tubane matumizi ya nini ilhali bwawa tunalo. Bwawa halizuii transfoma ya mtaani kuzidiwa, wala halileti mvua mwaka wa ukame. Umeme tunaouokoa sebuleni unaweza kuendesha mashine ya kusaga au jokofu la chanjo kijijini. Kwa hiyo mpango wa kubadilisha balbu unastahili bajeti yake, sambamba na ya mitambo mipya.