Jina la Nne
Kumbukumbu za ukoo Shinyanga na ukanda wa dhahabu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi koo za watemi wa Usukuma zilivyotunzwa: kwa ngoma, kwa viti vya enzi, na baadaye kwa makumbusho ya Bujora pale Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Leo tunamgeukia mtu wa kawaida. Ukoo wa Makwaia wa Busiya una pa kushikia hata kama wajukuu wote wangesahau, kwa sababu David Kidaha Makwaia aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945, mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza, na jina lake limo katika nyaraka za Serikali. Babu yako alilima pamba, akachunga ng'ombe, akalipa kodi ya kichwa. Habari zake wamebaki nazo watu wanne au watano, na huenda mmoja wao amelazwa wiki hii.

Tuanze na fomu, maana ndiyo kumbukumbu ya ukoo ambayo kila Mtanzania anaijaza. Fomu zetu zinataka majina matatu: lako, la baba, la babu. Chukua mfano. Mzee Mabula anamzaa Malimi, Malimi anamzaa Shija, Shija anamzaa Yohana. Shuleni anaandikwa Yohana Shija Malimi, na Mzee Mabula tayari yuko nje. Yohana naye akipata mtoto na kumwandikisha kwa utaratibu huohuo, Malimi anatoka. Kila kizazi kikiingia mlango wa mbele, kimoja kinatolewa mlango wa nyuma. Familia nyingine zimeamua kulishika jina moja kama la ukoo na kuliendeleza. Hapo anayesalia ni yule wa mwisho, na waliokuwa katikati ndio wanaopotea. Siilaumu fomu, haikutengenezwa kutunza ukoo. Tatizo ni kwamba nyumbani tumeacha kuitunza ile sehemu ambayo fomu haina nafasi nayo.

Na majina yenyewe yalikuwa na habari ndani yake. Mabula alizaliwa wakati wa mvua, Malimi mchana wa jua, Shija aliwafuata mapacha Kulwa na Doto, Nyanzala alikuja mwaka wa njaa. Alipobatizwa akaitwa Maria, na wajukuu wakamjua kwa Maria tu, familia ilipoteza dokezo la mwaka wa kuzaliwa kwake bila hata kujua kwamba ilikuwa nalo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mzee yeyote liwe hili: jina lako la nyumbani ni lipi, na nani alikupa?

Zamani hapakuwa na haja ya kuuliza. Palikuwa na shikome, ule moto wa jioni uani ambapo wanaume na vijana wa kiume walikaa baada ya ng'ombe kuingia zizini. Tumezoea kuisifu shikome kwa hadithi za fisi na sungura, lakini kazi yake kubwa ilikuwa hesabu. Nani alitoa ng'ombe wangapi kumwolea nani? Ng'ombe wa mahari ya shangazi walikwenda kumwolea kaka yupi? Deni gani halijalipwa? Mila ya Kisukuma ilitofautisha ndoa ya mahari na ile ya butende, isiyo na ng'ombe. Katika ya kwanza watoto ni wa ukoo wa baba. Katika ya pili ni wa upande wa mama mpaka baba awakomboe kwa ng'ombe. Hans Cory, aliyeandika mila hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, alijaza kurasa nyingi kwa kesi za namna hiyo. Maana yake ni kwamba aliyejua historia ya ng'ombe alijua ukoo mzima. Hata leo, ukimwambia mzee wa Kishapu akutajie mababu zake, atakutajia watatu kisha anyamaze. Mwulize ng'ombe waliomwoa mama yake walitoka wapi, na utakaa mpaka chai ipoe.

Sasa, kwa nini mnyororo huu ulikatika? Mara nyingi lawama huangushiwa simu na televisheni. Mimi naona sababu kubwa zaidi ni kwamba watu wa ukanda huu wamehamishwa, au wamejihamisha, mara tatu ndani ya maisha ya mtu mmoja. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya 1947, Waingereza walipoanzisha mpango wa maendeleo wa Usukuma. Ardhi ya Kwimba, Maswa na Shinyanga ilikuwa imechoka kwa watu na mifugo, hivyo mapori ya Geita yakafyekwa ili mbung'o waondoke, na familia zikavuka kuelekea magharibi na ng'ombe wao. Ndiyo maana Msukuma wa Geita, ukimsukumia swali vizuri, atakwambia asili yake ni Nera au Ng'wagala. Walipofika waliwakuta Wazinza, ambao nao wana kumbukumbu zao kuhusu ujio huo, na hazisimuliwi kwa furaha ileile.

Mara ya pili ilikuwa Operesheni Vijiji. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na Shinyanga ilihamishwa kwa kishindo mwaka uliofuata. Kaya ya Kisukuma ilikuwa imejitenga, imezungukwa na minyaa, na wafu wake wamezikwa hapohapo. Lori lilibeba vyombo na watu; makaburi yalibaki. Ukipita leo mbugani ukaona mstari wa minyaa ulionyooka, unazunguka mahali pasipo na nyumba, jua kwamba hayo ni mahame ya mtu. Minyaa haioti kwa mstari yenyewe. Wazee wachache bado wanaweza kusimama hapo na kukuonyesha zizi lilikuwa wapi na babu amelala upande gani. Wapige picha wakiwa wamenyoosha kidole, na uchukue alama ya mahali pale kwa simu. Hiyo ni kazi ya nusu siku, na hakuna maktaba itakayokufanyia.

Ya tatu ni dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na kando yake wachimbaji wadogo wamejaa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Kakola na kila panaposikika rashi mpya ya dhahabu. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, sensa ya mwaka huo ilihesabu watu milioni 1.7. Sensa ya 2022 ilikuta karibu milioni 3. Si wote wamefuata dhahabu, wengine wamezaliwa hapo, lakini mji kama Katoro una watoto ambao baba ni Mha, mama Msukuma, jirani Mkurya, na lugha ya nyumbani ni Kiswahili tupu. Hilo si baya hata kidogo. Gumu ni kwamba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, mtu anajulikana kwa jina la kazini. Wenzake watamwita Mzee wa Matimba, au Bukoba, au jina la mchezaji wa mpira, na mwenye duara anayemgawia viroba vyake vya mawe hana sababu ya kuuliza zaidi. Rashi ikihamia kwingine, anaondoka na jina lake la kweli.

Kuna siku jina hilo linahitajika ghafla. Oktoba 2015, kule Nyangarata wilayani Kahama, kifusi kiliwafunika wachimbaji, na watano wakaja kupatikana wakiwa hai baada ya siku 41. Ajali kama hizo zinapotokea, kazi ya kwanza juu ya shimo ni kujua nani yuko chini na kwao ni wapi. Lakini hata bila ajali, mtoto ambaye baba yake alimwacha na mama yake kule Runzewe ataanza siku moja kuuliza. Nawaambia akina mama wa machimbo jambo ambalo viongozi wa dini na maofisa ustawi hawalisemi waziwazi: hata kama mwanamume huyo hafai, andika kijiji chao, kata, jina la mama yake mzazi na ukoo wake, nyuma ya kadi ya kliniki kama huna daftari. Huandiki kwa ajili yake. Unaandika kwa ajili ya mtoto, ambaye atakapotaka kuoa au kuolewa atahitaji kujua asije akamchumbia dada yake.

Leseni za uchimbaji zimefanya makaburi nayo kuwa suala la karatasi. Tuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi tangu 1969, na mradi unapochukua eneo, ndugu hutakiwa kujitokeza na kulitambua kila kaburi. Ukoo uliokuwa na orodha hujibu siku hiyohiyo. Ukoo usiokuwa nayo huanza kubishana mbele ya mthamini, na ubishi wa makaburi unapochanganyika na fidia hugeuka kuwa ugomvi wa miaka.

Nirudi kwenye kuuliza, maana hapa ndipo vijana wanapokwama. Wanakwenda kwa mzee wa kiume aliye maarufu, wanamwekea simu mbele, wanamwambia, "Guku, tusimulie historia ya ukoo." Anawapa hotuba. Majina ya wanaume yanateremka kama yalivyo, wanawake hawamo, watoto waliokufa wachanga hawamo, mke wa pili aliyeondoka hayumo. Kakae na bibi jikoni anapochambua mchicha. Yeye ndiye anayejua nani alimnyonyesha nani, mimba zilikuwa ngapi na ipi iliharibika, na kwa nini baba mdogo alihamia Kahama usiku. Usimwulize "historia". Mwulize siku aliyoolewa: nani alimsindikiza, alipewa nini na mama mkwe, nani hakuja.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo mikoa yetu inalionea haya. Shinyanga na Geita kwa miongo mingi zimesikika kwa mauaji ya vikongwe, wanawake wenye macho mekundu kwa moshi wa samadi na kuni waliosingiziwa uchawi na kukatwa mapanga, mara nyingine kwa kujua kwa ndugu zao. Yapo mengi ya kusema kuhusu mashamba na urithi katika mauaji hayo. Kwa mada yetu inatosha kuona kwamba walioandamwa ndio haohao waliojua zaidi, na walionusurika wamejifunza kunyamaza. Bibi anayeweza kutaja wafu wa vizazi vinne anaogopa kuonekana anawajua mno. Mfuate mchana, mbele ya watu, ukiwa na wajukuu wengine, na mwambie wazi kwamba unaandika kwa ajili ya watoto. Hofu yake ina sababu, ichukulie hivyo.

Tarehe nazo hazipatikani kwa kuuliza mwaka. Zinapatikana kwa kufunga tukio la nyumbani kwenye tukio la nchi. Nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1940, Williamson alipogundua almasi Mwadui. Mvua kubwa zilizokuja na Uhuru, 1961 na 1962. Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996. Bibi akisema alikuwa anatambaa nzige walipokuja na kaka yake alikuwa ameanza kuchunga ndama, umepata miaka miwili ya kuzaliwa kwa pigo moja, yenye kasoro ya mwaka mmoja au miwili hivi, na hiyo inatosha.

Karatasi zipo nyingi kuliko tunavyodhani. Misheni ya Ushirombo, iliyo Bukombe ya leo, ilifunguliwa mwaka 1891, na kwa desturi ya Kanisa Katoliki daftari la ubatizo huandika wazazi na msimamizi, na baadaye hurudiwa kuongezewa ndoa. Zipo risiti za pamba za vyama vya ushirika, ambazo wazee wengine wamezihifadhi kwenye masanduku ya bati wakidhani bado kuna malipo. Na upo muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaopelekwa mahakama ya mwanzo wakati wa kuteua msimamizi wa mirathi. Huo ndio waraka pekee ambao ukoo hujiandika wenyewe, ukitaja wajane na watoto wote kwa majina na kutia sahihi. Baada ya mirathi watu huutupa. Omba nakala.

Wengi wananiambia kazi hii inahitaji msomi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Geita, hakuwa profesa. Alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Myombekere na Bugonoka pamoja na watoto wao, akiweka humo ndoa, magonjwa, kilimo na mazungumzo ya ukwe kama yalivyokuwa, ili vijana wasiyapoteze. Hakupata mchapishaji kwa zaidi ya miaka 30. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa Dar es Salaam, naye akafariki mwaka 1981 kabla vitabu havijamfikia. Watoto wake mwenyewe hawakuishi. Aliandika kwa ajili ya watoto wa wengine.

Wewe huhitaji kurasa mia sita. Rekodi kwa simu, lakini usiiamini simu: memori kadi huharibika, simu huibwa, na kundi la WhatsApp la ukoo hufukiwa na picha za harusi na michango ya misiba. Baada ya kila mazungumzo, nakili kwenye kaunta buku kwa kalamu ya wino, uandike aliyesema, mahali na tarehe. Wazee wawili wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili na usichague mshindi. Mtoto wa butende mwandike kwa jina lake bila alama yoyote, na habari za ugonjwa au ugomvi uliofichwa ziandike tu kama mhusika ameridhia. Kaunta buku hizo ziwe mbili, moja kwa kaka mkubwa na nyingine kwa binti aliyeolewa mbali, maana nyumba zinaungua.

Wiki ijayo tutachora: jinsi ya kuweka kwenye karatasi moja ukoo wa mzee mwenye wake watano, nyumba zilizorithiwa, na watoto waliolelewa kwa shangazi.