Turbo na Kipimo Chake (Sehemu ya Tatu)

Kila mara habari za Safari Rally zinapofika kutoka Naivasha, maswali kuhusu magari madogo yenye nguvu kubwa hufufuka katika karakana za Gerezani, Dar es Salaam. Kwa kuwa sehemu zilizotangulia zimekwisha kueleza jinsi moshi wa ekzosi unavyozungusha turbo na kusukuma hewa ndani ya silinda, sehemu hii inahusu namna shinikizo la hewa hiyo linavyozuiwa lisipite kiasi.

Kazi hiyo hufanywa na westigeti, yaani mlango mdogo unaofungwa na kufunguliwa kwa fimbo itokayo kwenye kopo lenye kiwambo cha mpira na springi. Shinikizo likiizidi nguvu springi, kiwambo husukuma fimbo, mlango hufunguka, na sehemu ya moshi hupita pembeni bila kuligusa gurudumu la turbo. Mwishoni mwa fimbo mna nati, na fimbo ikifupishwa kwa mizunguko michache tu, mlango hukawia kufunguka na shinikizo hupanda. Katika magari ya kisasa kompyuta ya gari huongoza valvu ya umeme inayopunguza hewa ifikayo kwenye kopo, na matokeo huwa yaleyale.

Turbo ilibuniwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyeipatia hataza mwaka 1905, na mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha kwenye mlima Pikes Peak, karibu mita 4,300 juu ya bahari, ili kuthibitisha kwamba injini ya ndege haina haja ya kudhoofika penye hewa hafifu. Kwa Afrika Mashariki jaribio kama hilo lilikuwa Safari Rally yenyewe, iliyoanza mwaka 1953 katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, ingawa ushindi wa kwanza wa gari la turbo ulingoja hadi 1984, Björn Waldegård alipoibuka mshindi kwa Toyota Celica. Juha Kankkunen alishinda kwa Celica mwaka 1985, Waldegård akarudia 1986, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akaliletea gari la jina hilohilo heshima nyumbani. Ndiyo maana yaliyotokea mwaka 1995 katika mbio za Catalunya, Hispania, yaliumiza. Wakaguzi waligundua kwamba kipete kinachobana hewa iingiayo kwenye turbo za Toyota kilitengenezwa kisogee kwa siri na kupitisha hewa ya ziada, na timu ikafungiwa hadi mwisho wa 1996. Ubunifu ule ulikuwa wa akili nyingi, lakini nguvu iliyopatikana kwa kukikwepa kipimo ilikuwa ya wizi.

Fundi anayefupisha fimbo bila geji naye anakikwepa kipimo, na anayelipa ni mwenye gari. Gerezani iko karibu na usawa wa bahari, ambako hewa ina shinikizo la takriban bari 1, hivyo turbo iliyowekwa bari 0.8 juu ya hewa ya nje huikandamiza hewa mara 1.8. Gari hilo likipanda mlima wa Kitonga na kufika Mbeya, karibu mita 1,700 juu, ambako hewa ya nje ni takriban bari 0.8, geji huonyesha 0.8 ileile, kwa kuwa kopo hujilinganisha na hewa ya nje, ilhali turbo sasa inakandamiza mara 2, ikizunguka kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto zaidi. Iliyokazwa hadi bari 1.2 hufika mara 2.5. Hatari ni kubwa zaidi kwa injini ya 1HZ ya Land Cruiser, iliyotoka kiwandani bila turbo ikiwa na mgandamizo wa takriban 22 kwa 1, ilhali 1HD-T iliyozaliwa na turbo ina 18.6 tu. Basi geji iunganishwe kabla nati haijaguswa, na mwenye gari aulizwe anaelekea wapi.