Asumini Katika Debe

Binti yangu wa mwisho alipoposwa, shangazi yangu alinitaka neno moja tu. "Mwanangu," akasema, "kikuba cha bibi arusi kisinunuliwe sokoni. Kitoke nyumbani." Nami nikaitikia labeka, nikidhani kupanda asumini ni kuchomeka kijiti na kumwagia maji.

Zama za marehemu mama, Mungu amrehemu, jambo hilo lisingekuwa na uzito. Asumini ilikuwa uani, ikitambaa ukutani. Leo uani petu pamejengwa vyumba vya kupangisha, na penye jua pamebaki darini tu. Basi nikatafuta madebe.

Mvua za mwaka zilipoanza nikapanda vijiti vitatu. Mchanga niliuchota kando ya msingi wa nyumba, maji nikateka kisimani, asubuhi na jioni. Haukupita muda majani yakawa manjano, mishipa yake tu ikibaki kijani, na kijiti kimoja kikaoza. Shangazi akapanda ngazi kwa taabu, akatazama, akasema, "Hukupanda, baba. Umezamisha."

Makosa yangu yalikuwa matatu. Debe halikuwa na matundu, maji yakatuama mizizini. Mchanga ulijaa chokaa ya matumbawe, na asumini katika chokaa hushindwa kupata chuma cha udongo, ndipo majani yakapauka. Na kisima chetu kina chumvi. Mti wa ardhini hutuma mizizi mbali kujitafutia. Wa debeni hula ulichompa, kizuri au kibaya.

Tukaanza upya. Tukakata vijiti vya urefu wa shubiri, si vichanga wala si vikavu, tukapukusa majani ya chini. Tukachanganya udongo mwekundu, mchanga kidogo na samadi kuukuu iliyokwisha kupoa. Tukaviweka kivulini mpaka vikatoa majani mapya, kisha juani. Maji yakawa ya mvua au ya bomba, na kabla ya kumwagia natia kidole: udongo ukiwa na unyevunyevu, naacha.

Lililonitia uchungu ni kukata ncha za matawi ambayo nimeyangojea miezi. Walakini asumini hutoa maua katika machipukizi mapya. Asiyekata hupata majani. Umleavyo ndivyo akuavyo, na kulea si kudekeza.

Ua hili, ambalo jina lake tumelipata kwa Waarabu nao wakalipata kwa Waajemi, hufunguka usiku. Kwa hivyo siku ya arusi, baada ya sala ya alasiri, tulichuma vikonyo vingali vimefumba. Nikavihesabu: thelathini na saba. Havikutosha. Jirani akaleta mkadi, na rehani tukachuma kwetu, shangazi akafunga kikuba kwa uzi, kidogo kama ngumi ya mtoto. Magharibi ilipoingia, nyumba nzima ilinukia.

Sikuulizwa na mtu kwa nini ni kidogo. Shangazi alikinusa, akafumba macho, akasema, "Hiki cha kwetu."

Binti yangu alipohamia kwa mumewe, katika vyombo vyake mlikuwa na debe moja lenye kijiti kilichokwisha kushika mizizi. Nililigeuza kabla ya kulipakia garini, nikatazama chini yake. Matundu yalikuwamo.