Mwenye lori asiwe ndiye mwenye mizani

Reli na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi zote hupita upande wa magharibi wa milima ya Upare, kwa Hedaru na Makanya, hadi Same mjini. Tangawizi ya Mamba Miamba hulimwa upande wa pili, juu mlimani, ambako mvua ni nyingi na njia ni nyembamba. Ikitaka kwenda sokoni sharti kwanza iteremke mpaka Gonja na Maore, kisha iuzunguke mlima kwa barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi, ambayo lami yake imekuwa ikiwekwa kipande kwa kipande baada ya ahadi za miaka mingi. Hali hiyo ya nchi ndiyo iliyompa mwenye lori nguvu kubwa katika biashara ya wilaya hii, na ndiyo tunayotaka kuizungumza leo.

Hatusemi kwamba ni kosa kwa mkulima, mfanyabiashara au chama cha ushirika kumkabidhi mtu mwingine kazi ya kusafirisha mizigo yake. Desturi hiyo ni kongwe. Misafara ya pwani iliyopita bonde la Pangani katika karne ya 19 ilitegemea wapagazi wa kukodiwa. Na wale wanaotamani kila chama kiwe na magari yake wenyewe wakumbuke yaliyopita. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, kazi yao ikapewa mamlaka za mazao na mashirika ya umma, kisha vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Miaka hiyo iliangukia vita vya Kagera vya 1978 na 1979 pamoja na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Lori lililokosa mpira au kipuri liliwekwa juu ya mawe, na mazao yakangoja ghalani. Lori ni mali inayokula hata ikiwa imelala. Chama kidogo kikilinunua kwa ajili ya msimu mmoja wa mavuno hulilisha mwaka mzima. Kwa hiyo kumkodi mchukuzi ni busara.

Ubaya huanza pale mkulima anapomkabidhi mchukuzi, pamoja na mzigo, mambo yasiyo ya mchukuzi: kipimo, na habari za bei ya huko uendako mzigo. Katika milima yetu mnunuzi na mchukuzi mara nyingi ni mtu mmoja, au ni watu wawili wenye mfuko mmoja. Huyo ndiye aliyetoka Dar es Salaam jana, ndiye ajuaye tangawizi imeuzwaje, na ndiye aletaye magunia matupu ya kupimia.

Tuitazame lumbesa, yaani lile gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kuvikwa kilemba cha kamba. Sheria ya Vipimo inaikataza, na Wakala wa Vipimo umesema mara nyingi kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hata hivyo haijafa. Watu wengi hudhani kwamba inaishi kwa sababu ya tamaa tu. Tamaa ipo, lakini hebu tuifuate hesabu ya safari. Mpakiaji wa mlimani hulipwa kwa gunia. Nauli ya lori mara nyingi hupatanwa kwa gunia. Ashushaye mzigo mjini naye hudai kwa gunia. Basi mnunuzi awezaye kuyageuza magunia kumi kuwa saba amepunguza gharama zote hizo kwa mkono mmoja, na alipaye tofauti ni mkulima, ambaye naye ameuza kwa gunia. Muda wote nauli itakapohesabiwa hivyo, wakaguzi watafukuzana na malori barabarani, na usiku kilemba kitafungwa tena.

Liko na jambo ambalo husahauliwa kabisa. Tangawizi mbichi kwa sehemu kubwa ni maji. Kilo tano au zaidi za mbichi hutoa takriban kilo moja iliyokauka. Kila lori literemkalo Gonja na shehena ya mbichi limebeba maji ya Upare kwa kadiri ya sehemu nne katika tano, na nauli ya maji hayo imekwisha kukatwa katika bei aliyopewa mkulima shambani. Ndiyo maana kiwanda cha tangawizi kilichojengwa Mamba Miamba kina maana kuliko wengi wanavyokidhania: kinapunguza mzigo kabla haujapanda gari. Lakini kiwanda hutaka kulishwa kila siku, si siku ambazo lori limekosekana tu. Mnunuzi akifika na fedha taslimu wakati wa ada za shule, mkulima humwuzia yeye, nasi hatuwezi kumlaumu. Kiwanda kisichoweza kulipa siku ileile ya kupokea mzigo kitabaki na mitambo mitupu, hata kiwe karibu na shamba namna gani.

Wako wanaoitazamia reli. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na baada ya kunyamaza kwa miaka mingi treni za mizigo zilirudishwa mwaka 2019. Ni jambo la kufurahisha, na jasi ya Makanya na saruji ya Tanga ni mizigo iifaayo. Lakini behewa halipatani na mtu mwenye magunia matatu. Mpaka mazao yakusanywe mahali pamoja, yapimwe na kuandikwa, reli itapita magharibi na tangawizi itabaki mashariki.

Kwa maoni yetu, kazi ya kwanza ni mizani, nayo ni ya bei nafuu kuliko lori. Chama cha ushirika kiweke mizani yake na karani wake pale Gonja, kitangaze zabuni ya msimu mzima, na mchukuzi atakayeshinda alipwe kwa kilo na kwa umbali. Hati ya mzigo iandikwe kwa nakala tatu, moja ibaki mlimani. Bei ya jana ya Dar es Salaam ibandikwe ukutani karibu na mizani hiyo. Simu za mkononi zimelifanya hilo kuwa kazi ya dakika chache.

Na mkataba useme waziwazi juu ya mvua. Milima hii haichezewi: Novemba 2009 maporomoko ya ardhi katika kijiji cha Goha yaliua watu zaidi ya 20. Njia hukatika, lori hungoja, nayo tangawizi iliyokwisha kung'olewa husinyaa na kupoteza uzito. Ni nani alipaye siku za kungoja, na ni nani abebaye kilo zilizopotea? Pasipo karatasi isemayo vinginevyo, zote huandikwa kwa mkulima.