Krenki Kwanza, Mbio Baadaye

Wako watu wengi, hasa katika Uingereza, wapendao kutengeneza upya motokaa ndogo za zamani na kuzishindanisha. Iliyo mashuhuri miongoni mwa hizo ni Austin Seven. Ilitolewa mwaka wa 1922, nayo ilichorwa nyumbani kwa Sir Herbert Austin, akisaidiwa na kijana wa miaka 18, Stanley Edge. Hadi mwaka wa 1939 motokaa kiasi cha 290,000 zilikuwa zimetengenezwa.

Injini yake ni ndogo mno. Tangu 1923 silinda zake nne zilikuwa na upana wa inchi 2.2, na pistoni zikisafiri inchi 3. Ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 747. Nguvu zake zilikuwa za farasi 10 na nusu tu. Si ajabu basi kwamba wenye motokaa hizi hutamani kuziongezea nguvu. Mwaka wa 1951 Colin Chapman, katika motokaa yake Lotus Mark III, alizigawa njia za kuingizia hewa, ambazo kila moja ilitumiwa na silinda mbili, hata kila silinda ikapata njia yake. Kwa werevu huo aliwashinda wengi.

Lakini nguvu zote zizaliwazo juu hubebwa na chuma kimoja chini, yaani krenki, kigeuzacho mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka uwe wa kuzunguka. Kwa miaka mingi krenki ya Austin Seven ilishikwa na beringi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, wala katikati hapakuwa na kitu cha kuitegemeza. Injini iendapo mbio sana, krenki hupinda kama mti wa mzega uliolemewa, na chuma kipindwacho mara nyingi mwishowe hukatika. Ikikatika huweza kuvunja bloku pia, na akiba ya mwenyewe ikapotea kwa siku moja.

Hapo ndipo vipimo vionekanapo thamani yake. Katika krenki za kwanza, mahali pashikwapo na konrodi palikuwa na unene wa inchi 1 1/8. Baadaye pakaongezwa kuwa inchi 1 5/16. Nyongeza hiyo ni sehemu moja ya sita tu. Lakini chuma cha mviringo kikinenepa kiasi hicho, ugumu wake wa kutopindika huzidi kwa kiasi cha 85 kwa mia. Mwaka wa 1936 kiwanda kikaongeza beringi ya tatu katikati.

Kwa hiyo fundi mwangalifu haanzi na kabureta. Huanza kwa kuipima krenki kwa mikromita, pande zote, kwa kuwa chuma hulika upande mmoja kikaacha kuwa duara. Hukumbuka pia kwamba kila isagwapo ili kuondoa mikwaruzo, krenki huzidi kuwa nyembamba. Kisha huitia sumaku na kuinyunyizia unga wa chuma. Penye ufa, unga hujipanga mstari. Krenki ya namna hiyo hutupwa, hata ikiwa yang'aa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa krenki hauzibiki. Lakini aujuaye mapema huokoa injini nzima.