Kabla Hujauza Chai ya Misonobari, Ujue Mti Wenyewe

Leo tuongee kuhusu hii biashara ya machipukizi makavu ya misonobari, miti ambayo wengine tunaita misindano au mipaina. Inazungushwa sana kwenye magrupu: "chai ya misindano, inasafisha mapafu, inaongeza kinga". Picha nzuri, pakiti nzuri, gramu 50 kwa shilingi 5,000. Na mimi niliingia. Ngoja nikwambie nilichojifunza, ili wewe usilipe ada niliyolipa mimi.

Mimi nipo Kabuku, kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Chalinze. Huku ni joto, mkonge na machungwa. Misonobari ipo juu milimani, Lushoto. Kwa hiyo niliagiza kwa mtu wa huko, mzigo ukashuka Mombo, ukapita Korogwe na Segera mpaka dukani kwangu. Kilo tatu. Nikapiga picha, nikaweka status, jioni nina oda saba zimelipiwa.

Meseji ya nane haikuwa oda, ilikuwa swali. Dada mmoja wa Dar aliandika: "Nina mimba ya miezi minne, naweza kunywa?" Nilishaanza kuandika "hamna shida dada, ni ya asili". Halafu nikasita. Nitajuaje kama hamna shida? Nikachukua kiganja cha majani yale nikampelekea mzee mmoja wa hapa mtaani ambaye zamani alifanya kazi kwenye mashamba ya miti. Akayatandaza mezani, akanusa, akasema: "Mwanangu, hii sio misindano. Huu ni mti wa Krismasi, ule wanaopanda uzio."

Yaani nilikuwa nauza majani ya uzio kama chai. Nilirudisha hela za watu wote saba, na nauli ya mzigo ikaliwa hapo hapo. Yule dada nilimjibu asinywe. Akasema asante, hakununua kitu, na sikumlaumu.

SOMO LA 1: MAJINA YANACHANGANYA, ANGALIA JANI

Jina "mti wa Krismasi" kwa mmoja ni saipresi, kwa mwingine ni araukaria, kwa wa tatu ni msonobari. Ukiagiza kwa jina tu, utaletewa chochote. Angalia hivi:

- Msonobari: majani ni sindano ndefu zinazotoka kwa mafungu, na kila fungu limeshikwa chini na kiganda kidogo. Aina iliyopandwa sana kwetu inaitwa Pinus patula. Fungu lake mara nyingi lina sindano tatu, urefu wa kama sentimita 15 hadi 25, na zinaning'inia.
- Saipresi: hana sindano. Majani yake ni magamba madogo yaliyolaliana, kama msuko mwembamba wa nywele. Hiki ndicho nilichouziwa mimi.
- Mvinje, ule wa pwani: kwa mbali unafanana na msonobari, lakini hata kwenye ukoo huo haumo. "Sindano" yake ina vifundo. Ukiivuta inaachia kipande kwa kipande.
- Sprusi: huu ndio mti wa kwenye picha nyingi za mtandaoni, machipukizi laini ya kijani kibichi. Sindano zake ni fupi na kila moja inatoka peke yake. Ni mti wa nchi za baridi.

Kumbuka: vikishasagwa, vyote vinafanana. Usinunue majani ya aina hii yakiwa yameshasagwa.

SOMO LA 2: "YA ASILI" SIO "SALAMA"

Baada ya ile siku nilikaa kusoma. Nikakuta wafugaji wa Marekani wanajua kwa muda mrefu kwamba ng'ombe mwenye mimba akila sana majani ya msonobari aina ya ponderosa, mimba inaharibika. New Zealand wanajua hivyo hivyo kuhusu aina ya saipresi inayoitwa makrokapa. Ulaya kuna mti unaitwa yew, na wenyewe una majani membamba ya kijani, na sumu yake inasimamisha moyo. Mtu akiuchuma akidhani ni sprusi, hiyo sio chai tena.

Ng'ombe sio mtu, sawa. Lakini wewe muuzaji ukiulizwa na mama mjamzito, jibu ni moja: usinywe. Hata kama umepoteza oda.

SOMO LA 3: WENZETU WANATUMIA, ILA WANAJUA WANACHOTUMIA

Sisemi hakuna watu wanaokula miti hii. Wapo, na ni wa siku nyingi. Finland wanachuma machipukizi ya sprusi mwanzoni mwa majira ya joto, yakiwa bado laini, wanachemsha na sukari kupata sharubati. Wapishi wa huko wanayakausha pia, wanasaga na chumvi, wanapaka kwenye samaki na nyama ya kuchoma. Korea wana vitumbua vya unga wa mchele vinaitwa songpyeon, wanavipika kwa mvuke juu ya sindano za msonobari ili vishike harufu.

Ukiangalia, wote wanatumia mti wanaoufahamu tangu kwa babu zao. Patula yetu ya Lushoto na Mufindi asili yake ni Mexico, ililetwa huku kwa ajili ya mbao na karatasi, sio chai.

SOMO LA 4: ACHA KUUZA VITAMINI C

Hadithi inayopendwa ni ya mabaharia wa Mfaransa Jacques Cartier. Majira ya baridi ya 1535 kuingia 1536, kule Kanada, walikuwa wanakufa kwa kiseyeye. Wenyeji wakawaonyesha kuchemsha majani na magome ya mti wao mmoja, wakapona. Ni kweli, na kilichowaponya ni vitamini C.

Lakini vitamini C inapungua ukikausha, na inapungua tena ukichemsha. Mabaharia wale walikuwa kwenye barafu, hawana tunda. Mteja wako ana chungwa. Mimi nikisimama mlangoni kwangu Kabuku naona machungwa yamepangwa barabarani. Nikimuuzia mtu pakiti ya 5,000 kwa sababu ya vitamini C, namuibia mchana kweupe.

SOMO LA 5: KARATASI ZAKO

Misitu ya serikali ipo chini ya TFS. Huwezi kuingia na kiroba ukachuma tu, unahitaji kibali. Hata Finland, kuchuma machipukizi ya mti wa mtu lazima umuombe mwenye ardhi. Kama shamba ni la mtu binafsi, ongea na mwenyewe.

Chakula, chai na viungo vinasimamiwa na TBS tangu 2019. Mjasiriamali mdogo anza SIDO, wao wanakuelekeza hatua za kufika TBS. Ukiandika kwenye pakiti "inatibu mapafu" au "inatibu presha", umeshatoka kwenye chakula umeingia kwenye dawa, na huko unakutana na TMDA na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Andika jina la mmea, uzito, tarehe ya kufungasha, mahali ulipotoka.

SASA TUUZE NINI?

Mimi nilihamia kwenye rozimari. Nayo jani lake ni jembamba kama sindano, ina harufu ya kupanda puani, Lushoto inalimwa, na watu wanaijua kama kiungo. Mteja anayetaka harufu ya msitu kwenye nyama choma, viazi au kuku, rozimari inampa. Kwa anayetaka chai ya mitishamba nina mchaichai, ambao hata bibi yake aliunywa.

Namna ninavyokausha:

1. Chambua, toa yaliyo meusi na yenye wadudu. Osha, kung'uta maji yote.
2. Tandaza safu moja kivulini, penye upepo, juu ya chekecheke au wavu safi. Jua kali linaua rangi na harufu.
3. Geuza kila siku. Yapo tayari jani likivunjika kwa mlio, sio likipinda. Likipinda bado lina maji, na ukilifunga litaota ukungu ndani ya pakiti.
4. Yaache yapoe kabisa, funga kwenye kifungashio kisichopitisha hewa, weka mbali na mwanga.
5. Usisage mapema. Uza majani mazima, mteja aone anachonunua.

Kwa kupika, mwambie mteja aanze na kijiko kimoja cha chai cha rozimari kavu kwa kilo ya nyama, pamoja na chumvi, kitunguu saumu na ndimu. Ikizidi inakuwa chungu.

Na kabla hujapokea mzigo wowote wa majani makavu, omba mambo matatu: picha ya mti ukiwa umesimama, picha ya tawi bichi kwa karibu, na jina la kijiji ulikochumwa. Anayeuza kihalali anakutumia siku hiyo hiyo. Anayekuzungusha, achana naye.

Ule mfuko wa kilo tatu bado ninao, upo chini ya meza. Nikiletewa kitu kipya chenye faida kubwa nauangalia kwanza, halafu najiuliza: yule dada akiniuliza tena, nitamjibu nini?

Kama nawe umewahi kuuziwa majani sio, tuambie hapo chini ulijuaje. Itamsaidia mwenzako.