Kabuti: Asili na Matumizi Yake

Kabuti (nomino, ngeli ya LI-YA, wingi: makabuti) ni koti refu na zito livaliwalo juu ya nguo nyingine ili kumkinga mtu na baridi, umande au mvua. Aghalabu hufika magotini au chini zaidi, na kwa wasemaji wengi hunasibishwa na askari na walinzi wa usiku.

Mfano: Mlinzi alijikunyata langoni, kabuti lake limelowa umande.

Asili

Wanafunzi wengi hudhani kuwa kabuti na koti ni maneno ya ukoo mmoja. Sivyo. Koti limetokana na neno la Kiingereza coat, ambalo Kiingereza nacho kililipokea kutoka Kifaransa cha kale, cote. Kabuti lina nasaba nyingine kabisa. Chimbuko lake la mbali ni neno la Kilatini cappa, yaani vazi la kujitanda lenye kifuniko cha kichwa. Katika ukoo huo Kiitalia kina cappotto, Kifaransa na Kireno capote, Kituruki kaput, na lahaja kadhaa za Kiarabu kabbut.

Je, Kiswahili kililipata neno hili kwa Wareno au kwa Waarabu? Wareno walikuwapo pwani tangu 1498, na wameacha maneno kama meza, bendera na gereza. Hata hivyo, sauti za neno zinaelekeza kwingine. Kireno kina sauti p, na Kiswahili pia kinayo. Kama capote ingeingia moja kwa moja, tungetarajia umbo kama *kapoti. Kiarabu fasaha hakina p, na maneno ya kigeni yenye sauti hiyo kwa kawaida huipokea kama b. Ndivyo ilivyokuwa kwa sabuni: Kilatini kilikuwa na p katika saponem, Kiarabu kikasema sabun, nasi tukaongeza irabu ya mwisho. Irabu u ya kabuti nayo inalingana na kabbut, si na o ya Kireno.

Linganisha na chapeo, yaani kofia, hasa ya chuma, ambalo wasomaji wa Biblia hulikuta katika Waefeso, sura ya 6. Neno hilo limetokana na chapéu la Kireno, ambalo nalo ni la ukoo wa cappa. Chapeo na kabuti, basi, ni binamu: mmoja alipitia kwa Wareno akabaki na p yake, mwingine akapitia kwa Waarabu akapata b.

Tahadhari ya sarufi

Silabi ka- katika kabuti si kiambishi cha udogo. Neno hili halina uhusiano na buti, yaani kiatu. Mzizi ni -kabuti mzima, kama wingi wake, makabuti, unavyothibitisha.

Matumizi

Koti lina maana pana: laweza kuwa la suti, la mvua au la daktari. Kabuti ni finyu zaidi, kwani hudai uzito, urefu na hali ya hewa ya kulihitaji. Joho, ambalo pia ni vazi la juu, huvaliwa kwa hadhi au sherehe, kama siku ya mahafali. Halivaliwi kwa sababu ya baridi.

Tofauti hii ina uzito kwa mfasiri. Chukua hadithi fupi ya Nikolai Gogol iliyochapishwa 1842, ambayo jina lake la Kirusi ni Shinel. Karani fukara wa Saint Petersburg anajinyima ili ashonewe vazi jipya la kumkinga na baridi kali, kisha ananyang'anywa na wezi usiku. Akiita hadithi hiyo Koti, mfasiri atamfanya msomaji afikirie vazi la suti, na msiba wa karani utaonekana mdogo. Akiiita Joho, msomaji atatarajia fahari. Shinel ni koti zito la sare, la askari na la watumishi wa serikali. Kabuti linabeba uzito huo, baridi hiyo, na hata kivuli cha uaskari. Hapa neno la zamani, ambalo vijana wengi hawalitumii tena, ndilo linalofaa kuliko yote.